Stadi laini si utii

Kwenye mashamba ya chai Mufindi na Rungwe, ya parachichi Njombe, ya kahawa Mbozi, siku hizi msimamizi akisema kibarua fulani hana stadi laini, mara nyingi anamaanisha kwamba anajibu sana. Anayewahi, akanyamaza na kuchuma mpaka jioni bila swali, huyo ndiye anayesifiwa kuwa nazo. Nimeyasikia haya mara nyingi mno, hata kwa wanaolipwa kufundisha stadi hizo. Wanachokisifu ni utii.

Stadi laini ni uwezo wa kufanya kazi na watu na kuamua mambo: kueleza jambo likaeleweka, kusikiliza, kupanga muda, kusuluhisha ugomvi, kutafuta ufumbuzi tatizo linapotokea. Dhana hii ilianzia jeshini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakufunzi wa Jeshi la Marekani walitenganisha kazi za mitambo na kazi za watu na makaratasi, kisha wakajiuliza hizi za pili zifundishwe vipi. Tangu hapo ni mambo ya kufundishwa na kufanyiwa mazoezi, wala hakuna anayezaliwa nayo.

Sasa tuingie kwenye chai. Kuchuma majani mawili na kichipukizi ni ufundi wa mkono. Lakini majani yaliyochumwa yakishindiliwa na kukaa muda mrefu hupata joto, huanza kuwa mekundu, na ubora hushuka kabla hayajafika kiwandani. Mchumaji anayeona gari limechelewa, akajua ni nani wa kuambiwa na akamwambia mapema, ametumia stadi laini. Mtiifu atakaa kando ya mzigo akisubiri, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Kwenye mizani tofauti hiyo huonekana zaidi, maana mchumaji hulipwa kwa kilo. Yupo mama anayeandika kilo zake kila siku, akazilinganisha na hati ya malipo mwisho wa mwezi, na akikuta pengo anauliza akiwa na daftari mkononi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya malipo yake kwa maandishi, lakini karatasi hiyo inamsaidia nini mtu ambaye hakuzoeshwa kuisoma wala kuiulizia? Nyapara humwita mama huyo mjuaji. Mimi naona ndiye mwenye stadi kuliko wote pale mizani.

Wengine huchanganya stadi laini na adabu, na hapa nawaelewa. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mtoto hulelewa kumheshimu mkubwa, na ni malezi mema. Ila kijana wa miaka 20 anapoona nyapara wa rika la baba yake amesoma mizani vibaya, adabu peke yake itamnyamazisha. Kinachotakiwa ni ajue kusema, “Shikamoo baba, samahani, naomba gunia hili lipimwe tena,” heshima ikabaki na kilo zikahesabiwa upya. Hilo halipatikani kwenye semina ya asubuhi moja ukumbini. Hufanyiwa mazoezi palepale shambani, na nyapara akiwemo, kwa sababu kibarua aliyejifunza kuuliza akifokewa siku ya kwanza, hatauliza tena.

Kwa hiyo, ndugu msimamizi, ukitaka watu wawahi na wafuate maelekezo, sema unataka nidhamu. Ni haki yako kuidai. Ila ukisema unataka stadi laini, tegemea maswali kwenye mizani, na mafunzo yaanze na wanyapara, kisha ndio wachumaji wafuate.