Gitaa Lililopigwa Studio: Kwa Nini Naanza na Lisilowezekana

Watu wanapojadiliana kuhusu gitaa lililotumika katika rekodi maarufu ya roki, ushahidi wanaoutanguliza ni picha ya jukwaani, na kwa maoni yangu huo ndio ushahidi dhaifu kuliko wote. Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin, alizoea kupiga "Stairway to Heaven" jukwaani kwa gitaa la kampuni ya Gibson lenye shingo mbili, na picha hizo zimeenea kiasi kwamba wengi huamini ndilo gitaa wanalolisikia, ilhali solo ya rekodi ya 1971 aliipiga kwa Telecaster, gitaa la kampuni ya Fender, aliyopewa na mpiga gitaa mwenzake Jeff Beck. Vivyo hivyo, jina la David Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd, limeambatana na Stratocaster, gitaa jingine la Fender, lakini solo ya "Another Brick in the Wall (Part 2)" ya 1979 ilitoka kwenye Les Paul, gitaa la Gibson, ya 1955 yenye rangi ya dhahabu.

Kwa hiyo ninapochunguza rekodi sianzi kwa kuuliza ni gitaa gani linafanana na sauti ninayoisikia, kwa sababu sikio husikia kile lilichokwisha kuambiwa. Nauliza kwanza ni gitaa gani lisingeweza kabisa kuitoa sauti ile. Stratocaster na Telecaster za zamani zina freti 21 (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), nazo Les Paul zina 22. Noti ya freti ya 22 ikisikika ndani ya mfululizo wa haraka, pasipo nafasi ya kuuvuta uzi pembeni ili noti ipande, Fender hizo zinaondoka kwenye orodha. Kodi nzima, yaani noti kadhaa zilizopigwa pamoja, ikishuka na kupanda kwa pamoja, natafuta gitaa lenye mkono wa kutetemesha nyuzi.

Mvumo wa umeme unasema mengi zaidi. Pikapu ni kifaa chenye sumaku na koili ya waya, kilicho chini ya nyuzi, kinachogeuza mtetemo wake kuwa umeme. Pikapu ya koili moja hunasa uga wa sumaku wa nyaya zilizo karibu, na mvumo huo hubaki kwenye kanda katika vipindi ambavyo mpigaji amenyamaza. Pikapu za koili mbili, ambazo Gibson ilianza kuzifunga kwenye Les Paul mwaka 1957, zimesukwa ili koili moja iufute mvumo wa nyingine. Hata hivyo, mvumo peke yake hauthibitishi kwamba gitaa ni Fender, kwani ile Les Paul ya Gilmour nayo ina pikapu za koili moja. Lazima pia kuutenga na mvumo wa amplifaya yenyewe: ule wa gitaa hupungua mpigaji akipunguza sauti kwenye gitaa lake, na hubadilika akigeuza mwili, ilhali ule wa amplifaya hautikisiki.

Uzuri wa mvumo huu ni kwamba unapima hata kanda. Umeme wa Uingereza huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde na wa Marekani kwa 60. Nikikuta mvumo wa takriban 53 katika rekodi iliyofanyika London, najua kanda iliharakishwa kiasi cha nusu toni baada ya gitaa kurekodiwa, na kila kipimo changu kingine lazima kirekebishwe kabla ya kukitumia.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni mahali pikapu ilipokaa chini ya nyuzi. Kila noti hubeba juu yake msururu wa hamoniki, yaani sauti nyembamba zaidi zinazotokana na uzi kutetemeka kwa mafungu, na pikapu haiwezi kuisikia hamoniki ambayo uzi wake umetulia mahali pale ilipo. Pikapu iliyo robo ya urefu wa uzi kutoka kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa, huikosa hamoniki ya nne ya uzi usiobanwa. Uzi huohuo ukibanwa freti ya 12, pengo linahamia kwenye hamoniki ya pili. Mahali uzi unapochanwa nako huacha mapengo, ila mkono huhama na pikapu haihami, hivyo nalinganisha noti nyingi mpaka umbali mmoja ujirudie. Njia hii inafaa kwa gitaa lenye sauti safi, kwa kuwa amplifaya iliyosukumwa mpaka ikakwaruza huunda hamoniki mpya na kuyajaza mapengo hayo.

Vipimo hivi vyote vinanifikisha kwenye aina ya gitaa, na hapo sauti inakuwa imemaliza kazi yake. Kudai kwamba kwa kusikiliza tu umelitambua gitaa moja mahususi kati ya mamia yaliyotengenezwa kwa namna ileile ni kukosa uaminifu kwa msomaji. Kwa hatua hiyo ya mwisho narudi kwenye picha, lakini ziwe zimepigwa studio siku za kurekodi. Les Paul Standard za kati ya 1958 na 1960 zisizofunikwa kwa rangi ya dhahabu zina uso wa mti wa mepo (maple) ambao mistari yake haifanani kati ya gitaa moja na jingine, na mistari hiyo ikionekana vizuri kwenye picha ya studio, naweza kuilinganisha na gitaa lililopo leo, mshipa kwa mshipa.