Kukua na kukuzwa: tunabishana nini hasa tukimtaja Hasheem Thabeet?

Alfajiri ya Juni 26, 2009, kwa saa za Dar es Salaam, kijana wetu alipanda jukwaani New York na kofia ya Memphis Grizzlies kichwani. Hasheem Thabeet alikuwa amechaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani. Sisemi ile drafti ya kete za vizibo tunayocheza barazani. Hii ni siku ambayo timu hupokezana zamu kuchagua chipukizi kutoka vyuo vya Marekani na kwingineko duniani. Kabla yake hakuna Mtanzania aliyewahi kucheza ligi ile. Aliyeitwa mara baada yake, wa tatu, alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry.

Majina hayo mawili, ya watu waliokuja kuwa nyota wakubwa, yameharibu mazungumzo kwa miaka mingi. Thabeet akitajwa tu pembeni mwa uwanja wa kikapu, watu wanagawanyika. Huyu atasema jamaa alibweteka baada ya kusaini mkataba. Yule atasema Memphis walimbania, wakamsugulisha benchi mpaka akaoza. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba wa kwanza anasema Thabeet hakukua, na wa pili anasema hakukuzwa. Kiswahili chetu kimetupa vitenzi viwili hapo, na tofauti yake ndiyo kiini cha dhana nzima ya ukuaji wa mchezaji.

Tuanze na maana yenyewe. Ukuaji wa mchezaji ni lile ongezeko la mambo anayoweza kuyafanya uwanjani. Msimu uliopita hakuweza kutupa kwa mkono wa kushoto akiwa amebanwa, msimu huu anaweza: hapo amekua. Zamani alikuwa akichelewa kumfuata mshambuliaji kwenye kona, sasa anafika mapema kwa sababu anausoma mchezo kabla pasi haijatoka: amekua. Pointi peke yake hazithibitishi kitu, kwa sababu mtu akiongezewa dakika pointi zitaongezeka hata kama mikono yake ni ileile ya mwaka jana.

Ukuaji haulingani na kipaji, japo tunavichanganya kila siku. Kipaji ni kile alichokuja nacho mlangoni, na kwa Thabeet kilikuwa urefu wa mita 2.21 na miguu myepesi kwa mtu wa kimo hicho. Halafu kuna kiwango, yaani pale alipo leo, na ndiyo maana tunasema kiwango cha fulani kimeshuka au kimepanda. Na kuna upeo, pale tunapodhani anaweza kufika. Timu inayochagua wa pili kwenye drafti huwa inalipia upeo. Kiwango cha leo inakipokea tu jinsi kilivyo.

Sasa mtazame Thabeet kwa vipimo hivyo. Aliuanza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, akapita Makongo Sekondari, akavuka bahari kwenda kumalizia shule Houston, Texas, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Mwaka wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 6.2 kwa mechi. Wa pili, 10.5. Wa tatu, 13.6, pamoja na ribaundi 10.8, yaani mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa, na mitupo 4.2 aliyoizuia kila mechi. Mara mbili mfululizo alitajwa mlinzi bora wa kanda ya Big East, na msimu wa 2009 alishiriki tuzo ya mchezaji bora wa kanda hiyo na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Kuna mechi dhidi ya Providence aliyofunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Msimu huohuo Connecticut ilifika hatua ya timu nne za mwisho za ubingwa wa vyuo.

Kwa hiyo anayesema "Thabeet hakukua" amekosea kwa kukosa kutaja wakati. Kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15, na kufikia 22 akawa miongoni mwa walinzi wanaoogopwa kuliko wote katika vyuo vya Marekani, amekua kwa kasi ambayo wachezaji wachache wameifikia. Swali la haki ni hili: kwa nini ukuaji ule haukuendelea baada ya chuo?

Jibu langu linaanzia kwenye kanuni moja ambayo mashabiki wengi hawaijui. Kwenye kikapu cha vyuo, mlinzi anaruhusiwa kusimama kwenye eneo la chini ya kikapu muda wote anaotaka. NBA kuna kosa la sekunde tatu za ulinzi, lililoanza kutumika msimu wa 2001: kama humkabi mtu kwa karibu, usikae eneo lile zaidi ya sekunde tatu, ukikaa wapinzani wanapewa mtupo wa bure. Pale Connecticut Thabeet aliweza kuwa kama mlango wa ngome. Wenzake waliwabana wapinzani huko nje wakijua kwamba anayeponyoka atakutana na mikono ya Hasheem. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua, na aliijua vizuri sana.

Memphis ilimdai kazi nyingine. Alitakiwa aingie na kutoka eneo lile kwa hesabu. Alitakiwa amkabe senta, yaani yule mrefu anayecheza karibu na kikapu, mwenye kilo nyingi zaidi anayemsukuma kwa mgongo. Alitakiwa, na hili ndilo gumu kuliko yote, atoke nje mbali na kikapu pale mpinzani mmoja anaposimama kama kisiki ili kumzuia mlinzi, na mdunda mpira anapopita pembeni kwa kasi. Hapo mtu mrefu ana nusu sekunde ya kuamua: nisonge mbele, nirudi nyuma, au nibaki katikati? Uamuzi huo huja kwa kurudiarudia maelfu ya mara, na aliyecheza tangu ana miaka saba ameshaufanya mara nyingi mno kabla ya kuota ndevu. Thabeet aliyakuta mengi ya hayo ukubwani. Matokeo yake alichelewa, na anayechelewa kwenye kikapu hufanya faulo.

Halafu angalia alikopelekwa. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol kwenye nafasi ileile ya senta, na mwezi uliofuata drafti wakamleta Zach Randolph. Hao wawili ndio waliokuja kuwa nguzo za timu ile kwa miaka, na Gasol akatwaa tuzo ya mlinzi bora wa ligi nzima mwaka 2013. Kijana anayejifunza kazi amewekwa nyuma ya mtu huyo! Msimu wake wa kwanza Thabeet alicheza dakika 13 kwa mechi, akipata pointi 3.1 na ribaundi 3.6. Februari 2010 akashushwa Dakota Wizards, kwenye ligi ndogo ya NBA ambayo leo inaitwa G League, na wakati ule ilikuwa inaitwa Ligi ya Maendeleo. Hakuna mchezaji wa nafasi ya juu kama yake kwenye drafti aliyekuwa amewahi kushushwa huko. Magazeti yakaiandika kama aibu.

Mimi naona hapo ndipo neno "kukuzwa" linapotakiwa kuchunguzwa. Kushushwa ligi ndogo si adhabu, kama mtu anashushwa akacheze, akosee, arekebishwe. Mfano mzuri ni Pascal Siakam wa Cameroon. Naye aliuanza kikapu akiwa amechelewa, akapita Chuo Kikuu cha New Mexico State, akachaguliwa wa 27 mwaka 2016 na Toronto Raptors. Katikati ya msimu wake wa kwanza alipelekwa Raptors 905, timu ya ligi ndogo iliyo chini ya Raptors wenyewe, jirani na Toronto. Huko akatwaa ubingwa wa 2017 na tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Alianza NBA na pointi 4.2 kwa mechi. Miaka miwili baadaye alikuwa na 16.9, tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua kubwa kuliko wote, na pete ya ubingwa wa 2019.

Siakam hakuwa na mzigo wa namba mbili mgongoni. Aliyechaguliwa wa 27 akifanya kosa, benchi linasema anajifunza. Wa pili akifanya kosa lilelile, ukumbi mzima unataja jina la Harden. Tena Memphis walikuwa na haraka. Februari 2011, kabla Thabeet hajamaliza hata msimu wake wa pili, walimpeleka Houston Rockets katika mabadilishano yaliyomleta Shane Battier, mkongwe aliyekuwa tayari kwa kazi siku hiyohiyo. Miezi miwili baadaye Memphis, wakiwa wa nane kwa ubora, wakawatoa kwenye mtoano San Antonio Spurs walioongoza kanda ya Magharibi ya NBA. Kwa timu, uamuzi ule ulilipa. Kwa kijana, ulimaanisha kocha mpya, mji mpya, na mfumo mpya wa kujifunza upya. Mwaka uliofuata akahamishiwa Portland, kisha akaenda Oklahoma City.

Anayetetea upande wa "alibweteka" atauliza: mbona Oklahoma City alipewa nafasi? Ni kweli, na hoja hii naiheshimu. Msimu wa 2012–13 alicheza mechi 66 kule, na ndio msimu wake uliokuwa na utulivu zaidi. Hata hivyo dakika hazikufika 12 kwa mechi, na pointi zilikuwa 2.4. Kuna kitu ambacho hakikuja, na nisingependa kuwatwisha makocha lawama yote. Mikono yake ilikuwa na shida ya kudaka pasi za haraka chini ya kikapu, na kufikia wakati huo alikuwa na misimu mitatu ya NBA nyuma yake. Mazoezi ya kudaka hayahitaji dakika za mechi. Hayo mtu huyafanya Julai, ukumbini, watazamaji wamekwenda zao. Sehemu hiyo ya ukuaji ni ya mchezaji mwenyewe, ni kujikuza, na mfano ninaoupenda ni Kawhi Leonard. Alitoka chuo cha San Diego State mwaka 2011 akijulikana kama mtupaji dhaifu wa mbali, akaingia Spurs, wakamrekebishia namna ya kuushika mpira, naye akarudia mpaka mkono ukakubali. Mwalimu alikuwepo, na mwanafunzi naye alikuwepo.

Hesabu moja huwa inanifikirisha. Thabeet alicheza mechi 224 za msimu wa kawaida wa NBA, kwa wastani wa dakika 10.5. Zidisha: ni kama dakika 2,350. Mchezaji anayeanza kila siku, akicheza dakika 35 katika mechi 75, anapata dakika 2,625 kwa msimu mmoja tu. Maana yake ni kwamba NBA yote ya Thabeet, miaka mitano, haifiki msimu mmoja wa mtu wa kikosi cha kwanza. Je, alikosa dakika kwa sababu hakukua, au hakukua kwa sababu alikosa dakika? Hiyo ni kuku na yai, na mtu akikuambia ana jibu la uhakika, muulize alikuwa kwenye mazoezi yapi.

Nafasi ya kucheza nayo wakati mwingine huletwa na bahati mbaya ya mwenzako. Draymond Green alimaliza miaka minne Michigan State, akachaguliwa wa 35 mwaka 2012. Golden State walimwanzisha kwa mfululizo pale David Lee alipoumia mwanzoni mwa msimu wa 2014–15, na Lee aliporudi kiti kilikuwa kimeshakaliwa. Green alikuwa amekua kabla ya hapo. Sisi ndio tulikuwa hatujamwona.

Kuna neno la vijiweni linaloziba mjadala wote huu: garasa. Kwenye karata, garasa ni ile isiyo na thamani, na mashabiki wamelichukua kumwita mchezaji aliyesajiliwa kwa mbwembwe akaambulia benchi. Silipendi likitumika kwa Thabeet, na sababu yangu si uzalendo. Garasa ni neno la bei. Linapima pengo kati ya kilicholipwa na kilichopatikana, na aliyepanga bei siku ile ni Memphis. Angechaguliwa wa 40, mechi 224 zingeitwa maisha mazuri ya kazi. Mtu yuleyule, uwezo uleule, ukuaji uleule.

Baada ya NBA hakuuacha mchezo. Alikwenda Japani, akachezea Yokohama B-Corsairs, kisha akarudi Marekani kwenye G League, halafu akaenda Taiwan, akiwa ameshavuka miaka 30. Japani wanacheza kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, na katika kanuni hizo kosa la sekunde tatu za ulinzi halipo. Kule mlinzi mrefu anaruhusiwa tena kusimama chini ya kikapu na kungoja waje, kama Hasheem alivyokuwa akisimama na kungoja kule Connecticut.