Lughakati: sarufi iliyo kichwani mwa anayejifunza

Anayejifunza Kiswahili akisema "kifaru kimelala", wengi humsahihisha na yakaishia hapo. Lakini hebu tazama alichofanya. Ameona ki- mwanzoni mwa nomino, akaipatanisha na kitenzi, sawasawa na "kiti kimevunjika". Hakubahatisha. Ana kanuni, nayo inafanya kazi kwa nomino nyingi za ngeli hiyo. Asichokuwa nacho ni kanuni inayoishinda, kwamba kiumbe hai hupatanishwa kwa a- na wa-. Akishaipata hiyo, huenda akaanza kusema "rafiki wangu", maana rafiki ni mtu, wakati Kiswahili sanifu kinataka "rafiki yangu". Kosa ni jipya, na mwanafunzi amepiga hatua.

Mfumo huo wa kanuni, ambao si lugha ya kwanza ya mwanafunzi na bado haujawa lugha anayoilenga, ndio unaoitwa lughakati. Jina la dhana hii lilienea kutokana na makala ya mwanaisimu Mmarekani Larry Selinker ya mwaka 1972. Miaka mitano kabla yake, mwanaisimu mwingine, Pit Corder, alikuwa ametenganisha mambo mawili ambayo walimu walikuwa wakiyachanganya: ulimi kuteleza, ambapo msemaji anaijua kanuni na akishtuliwa anajirekebisha, na kosa lenyewe, linalorudi kila mara kwa sababu ndivyo sarufi yake ilivyo kwa wakati huo. Mtu akiteleza, hakuna cha kufundisha. Kosa ndilo linaloeleza amefika wapi.

Selinker alitaja michakato mitano inayoijenga lughakati. Unaojulikana zaidi ni uhamishaji kutoka lugha ya kwanza: mzungumzaji wa Kiingereza husema "mimi ni njaa" kwa sababu kwao njaa huelezwa kwa kitenzi "kuwa" kikifuatwa na kivumishi. Mwingine ni kuipanua kanuni kupita mipaka yake, kama kwa yule kifaru. Wa tatu haupewi uzito unaostahili, nao ni athari ya ufundishaji wenyewe. Selinker alieleza wasemaji wa Kiserbokroatia waliotumia kiwakilishi cha kiume cha Kiingereza hata kwa wanawake, ingawa lugha yao hutofautisha jinsia. Chanzo kilikuwa vitabu na mazoezi yaliyotumia cha kiume karibu kila mahali. Miwili iliyobaki ni mbinu za kujifunzia, na mbinu za kuwasiliana maneno yanapopungua.

Lughakati hubadilika, ila baadhi ya vipengele vyake huganda: miaka inapita, mafunzo yanaongezeka, na umbo halisogei. Selinker alikisia kwamba labda 5% tu ya watu wazima hufikia umilisi kamili. Hayo yalikuwa makisio, msiyanukuu kama matokeo ya utafiti. Alibainisha pia kwamba umbo lililodhaniwa limetoweka huweza kurudi msemaji akiwa na wasiwasi, akishughulishwa na mada ngumu, au hata akiwa ametulia kupita kiasi.

Kuichunguza lughakati, rekodi mazungumzo huru ya dakika 15 au 20. Zoezi la kujaza nafasi huonyesha anachokumbuka akiwa na muda wa kufikiri, si anachokitumia. Chagua kipengele kimoja. Hesabu kila mahali ambapo lugha lengwa inalilazimu umbo hilo, kisha uone limetokea sahihi mara ngapi: nafasi 20, sahihi 14, ni 70%. Halafu hesabu alikolitumia pasipostahili. Hatua hii ya pili ndiyo huachwa, na ndipo uchunguzi unapoharibika.

Mchukue mwanafunzi anayesema "nyumba yangu", "kitabu yangu", "mtoto yangu". Ukihesabu ngeli ya nyumba peke yake, amepata 100%, nawe utaandika kwamba ngeli hiyo anaijua. Hana ngeli yoyote. Ana neno moja, "yangu", analolibandika kila mahali, na kwa nyumba limeangukia panapofaa. Mwanaisimu Robert Bley-Vroman alionya juu ya upotofu huu mwaka 1983: kuipima lughakati kwa kanuni za lugha lengwa tu ni kukosa kuona kanuni zake yenyewe.

Usahihi unaoshuka nao hupotosha. Mwanafunzi hukariri "njoo" mapema kama neno zima. Akishajifunza kuamuru kwa "soma", "cheza" na "kaa", anaweza kuanza kusema "kuja hapa!", kisha baadaye arudi kwenye "njoo". Mwalimu huona amesahau, kumbe sasa ndipo ana kanuni ya kuamrisha. Hapo kumkaririsha "njoo" upya hakumfai sana. Mpe "kuja" na "kwenda" pamoja, aone kwamba vitenzi hivi viwili vina amri zake, "njoo" na "nenda", na vilivyobaki karibu vyote vinaifuata ile kanuni aliyokwisha kuigundua.