Mwache aende kambi

Juzi hapa Moshi nilimuuliza binti wa miaka 14, aliyekaa kwenye kitimwendo, yuko darasa la ngapi. Mama yake akadakia: "La sita." Nilipotaja kambi ya likizo ya Juni, mama akashtuka: "Sasa nani atampeleka chooni?"

Ni swali la maana, nitalirudia. Kwanza nilimsimulia habari za Camp Jened, kambi ya vijana wenye ulemavu iliyofunguliwa mwaka 1951 katika milima ya Catskill, jimbo la New York, Marekani. Judith Heumann, aliyepooza kwa polio, alikwenda huko kila kiangazi. Nyumbani, alipofika umri wa kuanza shule, alikataliwa eti kitimwendo chake kitaleta hatari moto ukizuka. Kambini karibu kila mtu alikuwa na ulemavu wake, kwa hiyo hakuna aliyekodolewa macho. Vijana walikaa usiku wakilalamikia wazazi wanaowachunga kama mayai. Walibishana hata chakula gani kipikwe, na aliyeongea kwa shida alisubiriwa amalize.

Kwa maoni yangu, ubishi huo wa chakula ndio uliozaa harakati za haki za watu wenye ulemavu. Tarehe 5 Aprili 1977 zaidi ya watu 100 waliingia jengo la serikali San Francisco wakagoma kutoka, Heumann akiwa miongoni mwa viongozi, pamoja na wenzake kadhaa wa Jened. Walidai kanuni za sheria ya mwaka 1973 ya kuzuia ubaguzi dhidi ya wenye ulemavu zisainiwe. Simu zilipokatwa, viziwi walipeleka ujumbe nje kwa lugha ya alama kupitia madirishani. Tarehe 28 Aprili kanuni zikasainiwa.

Sisi tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni wenye ulemavu. Lakini ataidaije nafasi hiyo mtu ambaye hata darasa lake anatajiwa?

Sasa choo. Kabla ya kulipa ada, nenda na mwanao mkakague: kitimwendo kinapita mlangoni, kinageuka ndani, kuna chuma cha kushika? Msaidizi wa kike yupo, na usiku je? Kisha mwulize binti mwenyewe anataka asaidiweje. Nilimwuliza yule wa kwetu. Akamtazama mama yake kwanza, halafu akasema msaidizi asiwe mtu anayemjua baba.