Uvimbe kwenye kongosho: yanayosemwa na ukweli wake

Kongosho likitajwa kwenye majibu ya vipimo, wengi husikia saratani. Nawaelewa, maana saratani ya kongosho ni kali na mara nyingi hugunduliwa imechelewa. Lakini inaniuma kuona mtu amekata tamaa kabla hajajua alicho nacho ni kitu gani.

"Kifuko cha maji kwenye kongosho ni saratani tu"

Si kweli. Vifuko vingi, hasa vinavyoonekana kwa bahati mtu alipopigwa CT scan kwa sababu nyingine, havigeuki kuwa saratani. Kinachoamua ni aina. Chenye majimaji mepesi karibu kila mara hakina madhara. Vyenye ute ndivyo vinavyoweza kubadilika polepole, na hofu huongezeka mfereji mkuu wa kongosho ukiwa umetanuka. Halafu kuna kifuko bandia, kinachotokea baada ya kongosho kuvimba, kwa mfano kwa sababu ya vijiwe vya nyongo au pombe. Hicho si saratani, na mara nyingi hunywea chenyewe.

Kuvitofautisha, daktari hupitisha mdomoni endoskopi, yaani mrija wenye kamera, nao huwa na altrasaundi kwenye ncha yake, kisha huvuta majimaji kwa sindano nyembamba. Tone moja likiwekwa kati ya vidole viwili vyenye glavu na vidole vikaachanishwa, ute huvutika kama uzi, maji hukatika. Maabara nayo hupima sukari iliyomo kwenye majimaji hayo: ikiwa chini sana, huelekeza kwenye ute.

"Lazima upasuliwe"

Kongosho liko nyuma ya mfuko wa tumbo, limeugusa karibu kabisa. Ndiyo maana kifuko bandia kinacholeta maumivu, kutapika au maambukizi kinaweza kutobolewa kutokea ndani ya mfuko huo, bila jeraha la nje. Kwa kawaida husubiriwa kama wiki 4 ili ukuta wake ukomae. Kisha huwekwa kijibomba kifupi cha chuma chenye kingo pana pande zote mbili, mfano wa bobini ya cherehani: ukingo mmoja umeshika kifuko, mwingine umeshika mfuko wa tumbo, na majimaji humwagikia ndani ya mfuko huo.

Hapa naomba msomaji anisikilize. Chuma hicho hakiachwi mwilini. Kifuko kikishasinyaa, chuma kinaweza kusugua mshipa wa damu na damu ikavuja, hivyo mara nyingi huondolewa baada ya wiki 3 au 4. Kujisikia mzima si sababu ya kuacha kurudi.

"Sindano husambaza saratani"

Hutokea kwa nadra sana. Njia hii ya kuchukua kinyama cha kongosho kwa sindano inayopitia endoskopi ilielezwa mwaka 1992 na Peter Vilmann na wenzake wa Denmaki, na leo ni ya kawaida. Pale uvimbe unapoonekana wazi kuwa ni wa kupasuliwa, madaktari wanaweza kwenda moja kwa moja kwenye upasuaji bila kuuchoma.

"Endoskopi huondoa uvimbe wowote"

Hapana. Kuna uvimbe mdogo unaomwaga insulini ovyo: mtu hutokwa jasho, hutetemeka, hata kuzimia akikaa na njaa. Ukiwa chini ya sentimita 2, unaweza kuunguzwa kwa joto kupitia sindano, na sukari ikatulia. Ila kwa saratani yenyewe, tumaini la kupona bado liko kwenye upasuaji, pale unapowezekana. Endoskopi husaidia kufungua njia ya nyongo iliyobanwa, manjano na muwasho vikapungua, na kuua neva zinazopeleka maumivu. Kwa asiyelala usiku, hilo si jambo dogo.

"Hakuna kisu, hakuna hatari"

Kongosho linaweza kuvimba, damu ikavuja au maambukizi yakaingia. Ukisharudi nyumbani ukapata maumivu makali ya tumbo, homa, kutapika damu au choo cheusi kama lami, usisubiri kesho. Rudi hospitali siku hiyo hiyo, na useme mapema kwamba umetobolewa kifuko au umechomwa sindano kwenye kongosho.