Je, wajua? Mitutu miwili ya bunduki ya tembo haiko sambamba, na ndo maana haili kila risasi

Bunduki ya mitutu miwili ni ile unayoiona kwenye picha za zamani za safari, mitutu imelala ubavu kwa ubavu, inavunjwa katikati ukitaka kuijaza, ina triga mbili, ya mbele ni ya mtutu wa kulia na ya nyuma ya kushoto. Theodore Roosevelt alivyoshuka Mombasa mwaka 1909 alikuwa nayo, Holland & Holland ya .500/450 (namba za hivi ni kaliba, yaani saizi ya risasi), zawadi aliyopewa na watu wa Uingereza waliomkubali. Kenya ilishafunga uwindaji tangu 1977 ila kwenye vitalu vya Tanzania bado unaweza kumkuta mwindaji bingwa kaibeba anamfuata nyati majeruhi kichakani. Sasa mtu akiwa na bunduki kama hiyo aijaze risasi gani? Wengi watakujibu fasta, yenye nguvu kuliko zote. Hapana. Bunduki yenyewe ilishachaguliwa risasi yake siku inatengenezwa, na ukiilazimisha nyingine mtutu wa kulia unapiga kwake na wa kushoto unapiga kwake.

Kosa linaanzia kwenye macho. Ukiitazama unaona mabomba mawili yamenyooka sambamba, unasema basi risasi zitaenda sambamba, kwisha habari. Halafu kuna wale waliosikia kidogo, hao wanakwambia hapana, mitutu imeelekezwa ndani kwa mahesabu ili risasi zikutane kwenye mita 50 hivi, zikishapita hapo zinapishana. Hili jibu linasikika la kitaalamu kweli na lina nusu ya ukweli: mitutu kweli imeelekezwa ndani, midomo imekaribiana kuliko kule nyuma. Ila haijaelekezwa ili risasi zikutane mita 50. Kama ungechora mistari iliyonyooka kupitia kwenye matundu ungeona inakatana karibu mno na mdomo wa bunduki, kabla hata ya kusogelea shabaha, kwa hiyo kwa hesabu hiyo kufika kwenye shabaha risasi ya kulia ingekuwa imeenda zake kushoto na ya kushoto kulia. Lakini haziendi huko. Kwa nini?

Tutulie hapa maana ndo penye utamu. Risasi ikiwa bado ndani ya mtutu bunduki tayari imeshaanza kusogea. Tangu baruti iwake mpaka risasi itoke mdomoni inapita milisekunde moja na kitu tu, ila teke, yaani ule msukumo wa bunduki kurudi nyuma, halisubiri risasi itoke, vinaanza pamoja. Bunduki ya mtutu mmoja teke lake linapita katikati, linairudisha nyuma na kuinyanyua mdomo, basi. Kwenye mitutu miwili hakuna mtutu uliokaa katikati. Shika mkokoteni kwa mikono yote miwili halafu uvute mkono wa kulia peke yake kwa ghafla, mkokoteni hauji nyuma ukiwa umenyooka, pua yake inageukia kulia. Ukivuta kushoto inageukia kushoto. Ndo hivyo hivyo, ukifyatua mtutu wa kulia bunduki nzima inageuka kulia na juu, ukifyatua wa kushoto inageuka upande wa pili. Sasa fikiria kuna mtu kasimama juu ya huo mkokoteni unaogeuka na anatakiwa aruke mbele. Akiruka mapema anaangukia upande ule pua ilikokuwa inaangalia mwanzo, akichelewa anatupwa kule inakoelekea. Kuna sekunde moja tu katikati ambapo akiruka anatua mbele kabisa. Mtu huyo ndo risasi.

Kwa hiyo fundi anaanza na mitutu iliyoelekezwa ndani, teke linaigeuza nje, na risasi inatakiwa itoke pale pale ambapo mtutu umefika kuangalia mbele. Ikitoka hapo, risasi mbili zinaruka bega kwa bega zikiwa zimeachana sentimita chache, bila kukutana. Yaani ili risasi ziende sambamba inabidi mitutu isiwe sambamba, na mimi sijawahi kuchoka kulifikiria hili. (Mafundi wenyewe wanabishana kama risasi ziachwe sambamba kabisa au zivutwe ndani kidogo, na kusema kweli kwenye nyati aliye hatua ishirini tofauti hiyo huioni.)

Na hakuna mahesabu yanayomaliza kazi hii mezani. Fundi anaweka kabari ndogo katikati ya midomo, analehemu, anaenda kupiga, anatazama matundu kwenye karatasi, anarudi kuyeyusha lehemu, anasogeza kabari kidogo sana, analehemu tena, anapiga tena. Anarudia mpaka akubali, na ndo moja ya sababu bei ya bunduki hizi inafika ya gari na kuipita.

Ukishaelewa hapo, suala la kuchagua risasi linajieleza. Risasi yenye spidi ndogo kuliko ile aliyotumia fundi inachelewa kutoka, mtutu unakuwa umeshageuka kupita kiasi, basi ya kulia inapiga kulia na ya kushoto kushoto. Ukiijaza yenye spidi kubwa zaidi inawahi kutoka, mtutu bado unaangalia ndani, zinapishana. Wanaojaza baruti kwenye maganda ya risasi wenyewe wanaisoma karatasi hivyo hivyo: zikiachana ongeza spidi, zikipishana punguza. Uzito wa risasi nao unaingilia kwa sababu unabadilisha teke lenyewe, kwa hiyo kanuni hii ni ya kuanzia tu, karatasi ndo inaamua. Joto pia, maana baruti ikipata jua inasukuma zaidi, kwa hiyo bunduki iliyopangwa kwenye baridi ya Uingereza inaweza kubadilika tabia ikifika Rufiji.

Waingereza wa zamani walikuwa wanaandika kabisa kwenye chuma. Ukifungua .470 ya zamani unaweza kukuta chini ya mitutu pamegongwa maneno ya cordite 75 na 500, yaani greini 75 za baruti ya cordite na risasi isiyozidi greini 500, kama gramu 32. Risasi hiyo inatoka na mita 655 hivi kwa sekunde. Namba hizo zilikuwa mpaka wa usalama, hazikuwa siri ya kulenga, ila zinakuonyesha pa kuanzia.

Kuhusu kaliba sitakaa sana. Kampuni ya bunduki ya Rigby ya London ilitoa risasi ya .450 Nitro Express mwaka 1898 na ikawa mfano wa zote zilizofuata: ganda kubwa lenye ukingo ili livutike kirahisi, presha ya chini kwa sababu cordite ikipata joto inapanda hasira na ganda linanasa ndani, na hakuna anayetaka ganda linase tembo akiwa anakuja. Mwaka 1907 hivi serikali ya Uingereza ikapiga marufuku kaliba ya .450 India na Sudan, ikiogopa risasi zisije zikaishia kwenye bunduki za zamani za jeshi mikononi mwa waasi, ndo maana ukaona .465, .470, .475 na .476 zimejaa sokoni, zote zikifanya kazi ile ile. Juu yake kuna .500, .577 ya greini 750, na .600 ya greini 900 ambayo bunduki yake ina kilo saba hivi, beba mwenyewe. Na kabla hujasema kubwa ndo bora mkumbuke W.D.M. Bell, mwindaji wa zamani wa pembe za ndovu, yule wa Karamoja huko Uganda, alipiga tembo zaidi ya elfu moja na wengi wao kwa risasi ndogo ya milimita saba. Ila Bell alikuwa anajua ubongo ulipo kwa pembe zote na alikuwa anachagua muda wake, wakati mitutu miwili ni ya pale muda ulipokuchagua wewe.

Kinachobaki ni risasi laini au ngumu. Laini inapanuka mwilini, nzuri kwa simba na kwa risasi ya kwanza ya nyati, ngumu haipanuki, inapita mfupa wa kichwa cha tembo. Wengi wanaweka laini kulia na ngumu kushoto, sawa kabisa, mradi zina uzito mmoja na spidi moja na umezipiga kwenye karatasi zikiwa mchanganyiko hivyo hivyo, ukiwa umesimama bunduki mkononi, maana ukiilaza kwenye mfuko wa mchanga na kuibana haigeuki inavyotakiwa na karatasi inakudanganya. Zile ngumu za kisasa za shaba tupu kuna wanaosema zinaharibu mitutu myembamba ya zamani, wengine wanabisha, na ushahidi wa pande zote mbili ni hadithi zaidi kuliko vipimo, kwa hiyo wenye bunduki za urithi wengi wanaziepuka tu.

Wajerumani wa kampuni ya Krieghoff wao hili la bunduki kufungwa na risasi moja wamelimaliza kivyao, kabari yao mdomoni inarekebishika, ukibadilisha risasi fundi anairekebisha bila kuyeyusha lehemu. Wapenzi wa bunduki za London hawaipendi, wanasema inaharibu sura.