Aliyekufa kwa Kuhara Naye Aandikwe

Juzi, dakika chache kabla ya kufunua mnara wa mashujaa katika kijiji kimoja cha Upare, mzee mmoja alinivuta kando. "Fundi, hilo jina la saba litoe. Yule hakupigwa risasi, alikufa kwa tumbo." Nikamwambia, kwa heshima zote, mzee wangu, jiwe halina ufutio. Nachonga majina kwenye mawe miaka mingi sasa, na kila kijiji hakikosi mtu wa namna hii na kipimo chake cha risasi.

Haya, tuelewane. Katika vita vya 1914 hadi 1918 huku kwetu, aliyeua sana hakuwa bunduki. Wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo cha jeshi la Mwingereza, hao ambao Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina lao, walikufa makumi ya maelfu, na wengi wao ni kuhara damu, malaria na kichomi. Mtu anabebeshwa mzigo wiki kadhaa mvuani, jioni anapewa unga, kuni mbichi, anakula ugali nusu mbichi. Huyo hakuuawa na vita? Ukiwachekecha kwa risasi, mnara utabaki na majina matatu na ukuta mtupu wa kupaka chokaa.

Hata Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola haiulizi risasi. Askari aliyefariki akiwa bado jeshini, kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, anahesabiwa, hata kama ni homa. Ndiyo, 1921. Usije ukaniambia vita viliisha 1918.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Nenda kwenye Sanamu ya Askari pale mjini Dar, iliyosimamishwa 1927. Maandishi yake yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Zunguka pande zote nne, soma kila bamba: jina la mtu hata moja hakuna! Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mkoloni aliwanyima jina. Sasa mjukuu unanishikia tindo ili nimmalizie kazi?

Mengine ni ya ufundi tu. Graniti, usiweke bamba la shaba, litalala kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya arobaini. Majina kwa alfabeti, bila vyeo. Waliobeba mizigo ya Mjerumani na waliobeba ya Mwingereza, safu moja.

Ila yapo yanayoninyima usingizi. Aliyetoroka kambini akafia njiani akirudi kwao, namweka wapi? Nimewahi kumwandika mmoja, nikamwacha mwingine, na sababu niliyokuwa nayo siku ile leo siioni. Kanuni yangu ni wazee wawili wa koo tofauti wakubaliane juu ya jina. Lakini baada ya miaka mia, wote wawili wamesimuliwa tu, pengine na mtu yule yule.

Basi siku hiyo mgeni rasmi akavuta kamba, kitambaa kikagoma. Niliwaambia fundo la kuteleza. Wao wakashona kabisa. Kijana akapanda na wembe. Vigelegele vilipotulia, bibi mmoja akasogea na fimbo yake, akapapasa jina la saba herufi kwa herufi, akaniuliza kwa nini nimeweka R, kwao babu huyo aliitwa kwa L.

Nikainama nikaitazama. P ningeweza kuifanya R kwa robo saa. R kuwa L, hapana.

"Liache tu, baba," akasema. "Ila uje nyumbani nikutajie na la mdogo wake."